Wastani wa Nini? Orodha, Makundi na Kigawanyo katika Programu za Mwanzo: Mfano wa Safari za Uvuvi za Majoreni

Ikisiri

Makala haya yanajadili jinsi ya kukokotoa wastani wa data iliyogawika katika makundi kwa kutumia programu fupi ya kompyuta. Mfano unaotumiwa ni wa safari za uvuvi katika mazingira ya Majoreni, Kaunti ya Kwale. Hoja inayotetewa ni kwamba makosa mengi ya mwanagenzi wa programu hayaanzii kwenye hesabu. Huanzia kwenye sentensi. Mwanagenzi husema "wastani wa kilo" bila kusema kwa kila nini, na kompyuta humtii.

1.0 Utangulizi

Neno wastani lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuwa katikati. Katika mazungumzo ya kila siku neno hili hubeba tathmini zaidi ya hesabu. Mtu wa umbo la wastani si mrefu wala si mfupi. Mavuno ya wastani si haba wala si ya kutajika. Darasani neno lilo hilo limepewa kazi ya pili: jumla ya thamani ikigawanywa kwa idadi yake. Maana hizi mbili huishi pamoja kwa amani mpaka pale mtu anapochukua nambari iliyozaliwa na maana ya pili na kuifasiri kwa maana ya kwanza. Huambiwa kwamba wastani ni kilo 9, naye akaamini kwamba mvuvi wa kawaida, yule wa katikati, hurudi nyumbani na kilo 9.

Huenda mwanafunzi wa Kiswahili akauliza mambo haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Tasnifu za isimu na hata za fasihi zina majedwali: idadi ya makosa kwa insha, urefu wa sentensi kwa mwandishi, mizani kwa mshororo, maneno ya mkopo kwa ukurasa. Karibu kila jedwali la aina hiyo lina safu ya mwisho iliyoandikwa "Wastani", na ni nadra msimamizi kuuliza safu hiyo ilipatikanaje. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na mtumiaji akaweza kupiga hesabu za majedwali kwenye skrini inayomsemesha kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa lugha. Hata hivyo, programu ya majedwali hufanya kazi yake kimyakimya: mtu hubonyeza, nambari ikatokea. Anayeandika programu yake mwenyewe, hata ya mistari kumi tu, hulazimika kutamka kila hatua. Ndiyo sababu makala haya yanatumia njia hiyo ndefu.

2.0 Bandari na orodha yake

Majoreni ni kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, baina ya Shimoni na Vanga, penye mikoko na vyombo vya wavuvi. Eneo hilo ni la Wadigo, Wavumba na Wasegeju, na wanalahaja wanalifahamu tangu H. E. Lambert alipochapisha uchunguzi wake wa Kivumba mwaka 1957. Kwa sadfa inayoyafaa makala haya, kamusi hulieleza neno vumba kuwa ni shombo la samaki.

Mwaka 2007 Kenya ilitunga kanuni zilizovipa umbo la kisheria vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi wenyewe huviita BMU. Miongoni mwa kazi za vikundi hivi ni kuweka kumbukumbu za samaki wanaoteremshwa pwani. Kumbukumbu hizo hazibaki daftarini. Samaki wa pwani nzima hawawezi kupimwa wote, kwa hiyo wataalamu hupima safari chache, wakapata wastani wa kilo kwa kila safari ya kila aina ya zana, kisha wakauzidisha kwa idadi ya vyombo na kwa siku za kuvua. Jumla inayopatikana ndiyo hutumika kuamua ni zana ipi idhibitiwe, wapi pafungwe kwa muda, na nani asaidiwe. Kwa hiyo kosa dogo katika wastani halibaki dogo. Huzidishwa pamoja nao.

Tuchukue juma moja la safari 12. Tarakimu zinazofuata zimebuniwa kwa ajili ya somo hili na si kumbukumbu za bandari yoyote. Zana ni tatu: lema, mshipi na jarife. Chombo cha malema kina watu 2, mvuvi wa mshipi yu peke yake, na chombo cha jarife kina watu 5. Safari sita za lema zilileta kilo 6, 4, 5, 7, 3 na 5. Safari nne za mshipi zilileta kilo 4, 2, 3 na 3. Safari mbili za jarife zilileta kilo 18 na 22.

3.0 Kutoka sentensi hadi programu

Lugha ya kompyuta iliyochaguliwa hapa ni Python, iliyoundwa na Guido van Rossum na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Imechaguliwa kwa sababu maneno yake yaliyotengwa ni machache, na mengine yote, yaani majina ya orodha na vigeu, mwandishi huyachagua mwenyewe. Hakuna kinachomzuia kuyachagua kwa Kiswahili:

safari = [
    ("lema", 2, 6), ("lema", 2, 4), ("lema", 2, 5),
    ("lema", 2, 7), ("lema", 2, 3), ("lema", 2, 5),
    ("mshipi", 1, 4), ("mshipi", 1, 2),
    ("mshipi", 1, 3), ("mshipi", 1, 3),
    ("jarife", 5, 18), ("jarife", 5, 22)
]

kilo = {}
idadi = {}

for zana, watu, uzito in safari:
    kilo[zana] = kilo.get(zana, 0) + uzito
    idadi[zana] = idadi.get(zana, 0) + 1

for zana in kilo:
    print(zana, kilo[zana] / idadi[zana])

Mabano ya mraba hufungua orodha. Kila jozi ya mabano ya duara ndani yake ni safari moja yenye habari tatu: zana, watu waliokuwa chomboni na kilo. Mstari unaoanza kwa "for" ni kitanzi: huamuru kwamba safari zichukuliwe moja baada ya nyingine, na kila moja itendewe yale yaliyoandikwa chini yake kwa kuingizwa ndani kidogo.

Mabano ya mawimbi huunda muundo ambao katika Python unaitwa kamusi, na hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana faida kuliko mwenzake wa uhandisi, kwa kuwa anajua tayari kamusi ni nini. Ina vidahizo, na kila kidahizo kina maelezo yake. Vidahizo vya kamusi hii ni majina ya zana, na maelezo yake ni nambari inayokua kila safari inaposomwa. Mstari wenye kilo.get(zana, 0) hufanya kile afanyacho mtunzi wa kamusi anapokutana na neno katika matini: neno likiwa limeshaingizwa, huchukua maelezo yaliyopo na kuyaongezea, likiwa geni, hufungua kidahizo kipya na kuanza na sifuri. Kamusi moja hukusanya kilo, ya pili huhesabu safari. Kitanzi cha mwisho hugawanya ya kwanza kwa ya pili, na majibu ni lema 5.0, mshipi 3.0 na jarife 20.0.

Jambo moja la kiufundi lipitiwe haraka. Katika matoleo ya Python yaliyotangulia toleo la 3 la Desemba 2008, nambari nzima ikigawanywa kwa nambari nzima ilitoa nambari nzima: 82 kwa 12 ilitoa 6, na sehemu iliyosalia ikatupwa bila onyo. Matoleo hayo ya awali yaliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, lakini vitabu vilivyoandikwa kwa ajili yake vingali katika maktaba, na anayejifunza kutoka humo hana budi kutazama mwaka wa kuchapishwa.

4.0 Wastani wa wastani

Mwanagenzi anapopata 5, 3 na 20 huiona kazi iliyosalia kuwa nyepesi. Zana ni tatu, hujumlisha wastani tatu, hupata 28, hugawanya kwa 3 na kutangaza kwamba safari ya Majoreni huleta kilo 9.33. Kila hatua yake ya hesabu ni sahihi. Jibu ndilo lenye kasoro.

Kilo zote za juma lile ni 82, na safari ni 12. Ukigawanya unapata 6.83. Katika Python mstari mmoja watosha:

print(sum(kilo.values()) / sum(idadi.values()))

Tofauti ya 9.33 na 6.83 imetoka wapi? Katika hesabu ya kwanza kila zana imepewa kura moja. Jarife lililotoka mara 2 limesema kwa sauti sawa na lema lililotoka mara 6, na kwa kuwa jarife ndilo lenye kilo nyingi, limewavuta wote juu. Kati ya safari 12, safari 10 zilileta kilo 7 au pungufu ya hapo. Hakuna hata moja kati ya hizo kumi iliyofikia "wastani" wa 9.33.

Sasa tuizidishe nambari hiyo kama wataalamu wanavyofanya. Ikiwa bandari ina vyombo 40 na siku 20 za kuvua kwa mwezi, ziada ya kilo 2.5 kwa kila safari huzaa kilo 2,000 kwa mwezi. Ni tani 2 za samaki ambao hawakuvuliwa na mtu yeyote, walioingia baharini na kutoka kwa njia ya karatasi. Mtu wa mbali anayesoma taarifa hiyo ataona bandari yenye neema, na akija mvuvi wa mshipi kulalamika, ataonekana mzembe au mwongo.

Hata hivyo haifai kusema kwamba hesabu ya kwanza ni batili daima. Inajibu swali lingine. Mtu akiuliza "aina za zana zinazotumika hapa, kila aina ikichukuliwa kuwa kitu kimoja, zina uwezo gani kwa jumla?" basi kura moja kwa kila zana ni haki. Swali hilo huulizwa mara chache, lakini lipo. Tatizo ni kwamba katika Kiswahili majibu yote mawili yanaweza kuandikwa kwa maneno yale yale: wastani wa kilo. Walimu wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Shule yenye mikondo miwili, mmoja wa wanafunzi 20 na mwingine wa 60, haina wastani mmoja wa alama za Kiswahili mpaka mtu aamue kama anahesabu mikondo au anahesabu wanafunzi.

Wala kuvunja makundi na kuyachanganya yote si tiba ya kila ugonjwa. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilikubali takribani asilimia 44 ya wanaume walioomba masomo ya uzamili na uzamifu, na asilimia 35 ya wanawake. Ilionekana wazi kwamba wanawake wanabaguliwa. Watafiti walipotazama idara mojamoja, katika makala yaliyochapishwa mwaka 1975, tofauti ile ilikaribia kutoweka: wanawake wengi waliomba idara ambazo zilikuwa ngumu kwa kila mwombaji. Jumla ilikuwa imeficha kilichokuwa kikitendeka ndani ya makundi. Kwa Majoreni wastani wa makundi ndio uliopotosha. Kwa Berkeley jumla ndiyo iliyopotosha.

5.0 Kwa kila safari, kwa kila mvuvi

Mpaka hapa kigawanyo, yaani nambari inayogawanya, kimekuwa ni safari. Lakini safari ya mshipi ni mtu mmoja na ndoano yake, na safari ya jarife ni watu watano. Kulinganisha kilo 3 na kilo 20 pasipo kuwataja watu hao ni kulinganisha mzigo wa punda na wa lori. Programu ilishabeba habari hii tangu mwanzo, ila haikuitumia. Inatosha kubadilisha alama moja tu. Palipoandikwa 1, paandikwe watu:

    idadi[zana] = idadi.get(zana, 0) + watu

Mengine yote yabaki yalivyo. Lema sasa lina kilo 30 kwa watu 12, yaani 2.5. Mshipi una kilo 12 kwa watu 4, yaani 3.0. Jarife lina kilo 40 kwa watu 10, yaani 4.0. Wastani wa jumla ni kilo 82 kwa watu 26, yaani 3.15.

Msomaji atazame kilichotokea. Jarife lililokuwa likiuzidi mshipi karibu mara saba sasa linauzidi kwa kilo moja. La ajabu zaidi ni kwamba lema na mshipi vimebadilishana nafasi. Kwa kila safari, lema (5) ni bora kuliko mshipi (3). Kwa kila mvuvi, mshipi (3) ni bora kuliko lema (2.5). Data haikubadilika hata chembe. Kamati itakayosoma jedwali la kwanza itawashauri vijana waache mshipi washike malema. Itakayosoma la pili itawashauri kinyume chake. Kamati zote mbili zitasema zimefuata wastani.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amefundishwa utata wa a-unganifu kwa mfano wa "picha ya Juma": ni picha anayoimiliki, aliyoipiga, au inayomwonyesha? "Wastani wa jarife" una utata wa aina hiyo hiyo. Ni wastani wa safari za jarife, wa wavuvi wa jarife, au wa wavu wenyewe kwa urefu wake? Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Kompyuta haina muktadha. Ina kigawanyo tu, na kigawanyo hicho mtu alikiandika kwa mkono wake, akijua au asijue. Kiswahili kina chombo kizuri cha kuondoa utata huu, nacho ni "kwa kila". Sentensi "kilo kwa kila safari" hutafsirika moja kwa moja kuwa + 1. Sentensi "kilo kwa kila mvuvi" hutafsirika kuwa + watu. Anayeweza kuikamilisha sentensi kabla hajagusa kibodi amekwisha kuandika nusu ya programu.

Iongezwe kwamba hata "kwa kila mvuvi" haimaanishi kile kinachofika jikoni kwa mvuvi. Pwani kuna desturi ya mgao, na chombo na nyavu nazo huwa na fungu lake. Kilo 4 za jarife zikikatwa fungu la mwenye chombo zinaweza kushuka chini ya kilo 3 za mvuvi wa mshipi anayemiliki ndoano yake. Hiyo inahitaji safu nyingine katika orodha, na makala haya hayataifuata.

6.0 Vidahizo vinavyotoroka

Tatizo linalofuata halitajwi sana katika vitabu vya programu vya Kiingereza, nalo ni letu hasa. Karani wa bandari anaandika kwa lugha ya binadamu. Jumatatu ataandika lema, Jumanne malema, Jumatano Malema kwa herufi kubwa. Karani wa zamu aliyewahi kuishi Zanzibar ataandika dema. Msomaji anajua hicho ni kitu kimoja. Kompyuta haijui ngeli. Kwake kila tahajia ni kidahizo kipya.

Tuseme safari tatu za kwanza za lema zimeandikwa lema (6, 4, 5), mbili zinazofuata malema (7, 3), na ya mwisho dema (5). Programu sasa itatoa makundi matano badala ya matatu. Wastani wa lema ni 5, wa malema ni 5, wa dema ni 5. Hakuna kinachoonekana kuharibika. Lakini yule mwanagenzi wa sehemu ya 4.0 akijumlisha wastani zake, 5 + 5 + 5 + 3 + 20, na kugawanya kwa 5, atapata 7.6 badala ya 9.33. Wastani wake umeshuka kwa sababu ya tahajia! Wakati huohuo 82 kwa 12 imebaki 6.83 ile ile. Ni kipimo kizuri cha kujua ni hesabu ipi imesimama juu ya samaki na ipi imesimama juu ya daftari.

Kwa Kiingereza mwanagenzi hufundishwa kukata herufi ya mwisho ili kupata umoja. Kiswahili hubadilika mwanzoni mwa neno, na mwenye haraka anaweza kutunga kanuni: neno likianza na ma-, iondoe. Kanuni hiyo itageuza malema kuwa lema, vizuri kabisa, kisha itageuza mashua kuwa "shua". Mofolojia haikubali njia ya mkato. Njia salama ni kuandaa kamusi ndogo ya usanifishaji na kuipitisha kila zana humo kabla ya kuhesabu:

usanifu = {"malema": "lema", "dema": "lema",
           "madema": "lema", "mishipi": "mshipi",
           "majarife": "jarife"}

    zana = zana.strip().lower()
    zana = usanifu.get(zana, zana)

Mstari wa kwanza kati ya hiyo miwili ya mwisho huondoa nafasi zilizoachwa kwa bahati mbaya na kufanya herufi zote kuwa ndogo. Wa pili huuliza kamusi: neno likiwamo, tumia umbo sanifu, lisipokuwamo, liache lilivyo. Yote miwili huingia mwanzoni mwa kitanzi.

Anayeandika kamusi hiyo hufanya, kwa kiwango cha kijiji, kazi iliyofanywa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930: huchagua umbo moja na kuyaweka mengine chini yake. Kwa Majoreni hakuna sababu ya kuchagua dema. Aidha ni busara kuihifadhi tahajia ya karani katika safu yake yenyewe, kwani kinachomsumbua mpiga hesabu ndicho anachokitafuta mwanalahaja.

7.0 Sifuri na pengo

Karani huketi penye mizani. Samaki wakifika, hupimwa, na mstari mpya huandikwa. Mvuvi aliyetoka kapa hana cha kupima. Hupandisha chombo chake na kwenda nyumbani, na safari yake haiingii katika orodha. Ikiwa juma lile wavuvi wawili wa mshipi walirudi mikono mitupu, kigawanyo cha kweli ni safari 6 wala si 4, na wastani wa mshipi ni kilo 2, si 3. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, mistari ya namna hii ambayo haikuandikwa huongezeka, na wastani hupanda kwa uongo katika msimu ule ule ambao hali ya wavuvi ni ngumu zaidi.

Sifuri na pengo ni vitu viwili. Mvuvi aliyerudi bila samaki ni sifuri, naye ahesabiwe. Siku ambayo mizani iliharibika si sifuri; ni pengo, na ikiandikwa 0 itawaonea wavuvi kwa kuushusha wastani wao. Python ina neno lililotengwa kwa pengo, None, na kitanzi kinaweza kuambiwa kiruke safari yenye alama hiyo:

    if uzito is None:
        continue

Kuna pengo la aina nyingine. Fomu inaweza kuorodhesha zana ambayo haikutoka kabisa, kwa mfano juya la pwani, ambalo Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001. Vidahizo vikiandaliwa kutoka kwenye fomu, juya litakuwa na kilo 0 na safari 0, na programu itasimama ghafla kwa kuwa imeambiwa igawanye kwa sifuri. Wanafunzi wengi huziba ufa huu kwa kuilazimisha itoe 0. Jibu hilo linasema kwamba juya lilitoka likarudi tupu, jambo ambalo halikutokea. Jibu la haki ni kuandika "hakuna safari".

8.0 Data iliyofungwa katika madaraja

Mara nyingine mtafiti hapewi kilo za kila safari. Hupewa madaraja tu. Safari zetu 12 zikifungwa hivyo, kuna 8 za kilo 1 hadi 5, kuna 2 za kilo 6 hadi 10, moja ya 16 hadi 20 na moja ya 21 hadi 25. Hutumika thamani ya katikati ya kila daraja: 3, 8, 18 na 23. Kila moja huzidishwa kwa idadi ya safari zake, jumla ikawa 81, na 81 kwa 12 ni 6.75. Ni makadirio, nayo yamekaribia 6.83 vizuri. Kosa la mwanagenzi hapa ni lile lile la awali likivaa nguo mpya: kujumlisha 3, 8, 18 na 23 na kugawanya kwa 4, akapata 13.

9.0 Kutoka kilo hadi mizani ya ushairi

Neno mizani linatupeleka nyumbani. Chukua diwani ya kubuni yenye utenzi mmoja wa beti 300 na mashairi 20 ya tarbia, kila shairi likiwa na beti 5. Mishororo ya utenzi ina mizani 8, ya mashairi ina mizani 16. Mtafiti anaulizwa: wastani wa mizani katika diwani hii ni ngapi?

Akihesabu kwa bahari, 8 na 16, atajibu 12. Akihesabu kwa mshororo, utenzi una mishororo 1,200 yenye mizani 9,600, na mashairi yana mishororo 400 yenye mizani 6,400, atajibu 10. Akihesabu kwa utungo, ana utungo mmoja wa 8 na tungo 20 za 16, atajibu 15.62. Majibu yote matatu yamekokotolewa kwa usahihi, na katika diwani nzima hakuna mshororo hata mmoja wenye mizani 12, wala 10, wala 15.62. Msomaji wa tasnifu akiona 12 katika jedwali atamfikiria mshairi anayependelea mishororo ya urefu wa kati, mshairi ambaye katika diwani hii hayupo. Kwa swali la aina hii ingefaa zaidi kutoa orodha ya makundi yenyewe: mishororo 1,200 ya mizani 8, mishororo 400 ya mizani 16.

Wastani ukihitajika licha ya hayo, programu ya Majoreni inatosha. Penye zana pawekwe bahari, penye uzito pawekwe mizani ya utungo mzima, na penye watu pawekwe idadi ya mishororo yake. Utenzi utatoa 8.0, mashairi yatatoa 16.0, na mstari wa jumla utatoa 10.0, juu ya safu hiyo ya jedwali paandikwe "Mizani kwa kila mshororo".